Dalali Asiyeogopa Maswali

Nyumba ni stara ya mtu. Mwenye mlango wake mwenyewe, hata kama ni wa mbao zilizochakaa, hulala usingizi ulio tofauti na wa yule anayelala chini ya paa la mwenziwe. Ndiyo maana, ndugu msomaji, kutafuta nyumba au kiwanja si shughuli ya matajiri peke yao. Ni shughuli ya wajane, ya wastaafu, na ya watumishi wadogo kama mimi. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna nafasi ya kuzunguka mitaa yote tukiuliza, hujikuta tumeangukia mikononi mwa dalali. Leo napenda kueleza yaliyotupata mimi na mama yangu mzazi hapa Mengo, katika jiji la Kampala, ili atakayesoma asije akalipia elimu hii kwa bei niliyoilipia mimi.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kabla ya kuhamia ofisini nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha darasa la nne kwa miaka 5. Marehemu baba alikuwa askari polisi, nasi watoto tulilelewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, ya bombani na ya ugomvi wa watoto. Baba alipofariki mwaka 2017 ilitubidi tuondoke, kwani chumba cha kambini ni cha askari, si cha mjane wake. Mama akaja kukaa nami katika vyumba viwili nilivyopanga Mengo, si mbali na ukuta wa Lubiri, yaani jumba la Kabaka. Mafao ya baba yalipotoka hatimaye, mama hakununua hata kanga. Aliyaweka benki yote, akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, nataka mlango wangu."

Alitaka mlango huo uwe Mengo hapa hapa. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na matibabu yake yalikuwa katika Hospitali ya Mengo, ile iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897. Hakutaka kupanda magari mawili kila aendapo kutiwa dawa ya macho. Nami sikuona ubaya wa shauri hilo. Nilichokuwa sijakifahamu ni kwamba Mengo, kuliko pahali pengi, ndipo panapohitaji mtu aijue vizuri ardhi anayoikanyaga.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza, aliyezoea kwamba ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake, huenda akashangaa. Hapa Buganda mambo ni mengine. Tarehe 10 Machi, 1900, hapa hapa Mengo, ulitiwa saini mkataba baina ya Sir Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, na watawala wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo walezi wa ufalme ndio waliosimama badala yake. Kwa mkataba huo ardhi iligawanywa kwa hesabu ya maili za mraba. Kabaka alipata sehemu yake, jamaa zake zao, na machifu na wakubwa wengine zao. Kutokana na maili hizo likazaliwa neno "mailo", ambalo ni jina la umilikaji huo mpaka leo.

Lakini ardhi iliyogawanywa haikuwa tupu. Walikuwapo wakulima na migomba yao na makaburi ya wazee wao, ambao walilala wakiwa wenyeji wakaamka wakiwa wapangaji. Sheria ya mwaka 1928 iliwawekea kinga, ikaweka kikomo cha "busuulu", yaani kodi ya ardhi waliyomlipa mwenye hati, na kuzuia wasifukuzwe ovyo. Baadaye yalikuja mabadiliko mengi. Mwaka 1967 falme zilifutwa. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwa ardhi yote ni ya umma. Mwaka 1993 falme zilirudishwa pamoja na baadhi ya mali zake. Katiba ya mwaka 1995 iliitambua tena mailo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaeleza haki za yule akaaye juu ya ardhi yenye hati ya mwingine. Makazi hayo huitwa kibanja.

Basi matokeo yake ni haya: kipande kimoja cha udongo chaweza kuwa na wenyewe wawili, na wote wawili wakawa na haki mbele ya sheria. Mmoja anayo hati, mwingine anayo nyumba. Ukinunua hati bila kumjali mwenye kibanja, umenunua karatasi yenye watu juu yake ambao huwezi kuwaondoa. Ukinunua kibanja bila kumjua mwenye hati, umenunua nyumba iliyo juu ya ardhi ya mtu usiyemfahamu. Dalali asiyeijua tofauti hiyo, hata awe mwaminifu kama malaika, atakuuzia ugomvi. Na anayeijua bila kuwa mwaminifu atakuuzia ugomvi uo huo, ila kwa bei kubwa zaidi.

Dalali wetu wa kwanza nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu, mwaka 2022. Alikuwa kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi, na simu mbili mkononi. Alipomwona mama aliinama mpaka chini kumwamkia, kama inavyompasa mtoto aliyelelewa vema. Aliniita "nnyabo", yaani bibi mheshimiwa, katika kila sentensi. Alitutoza shilingi 30,000 za kutuonyesha, kisha akatupeleka kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Kisenyi. Hapo palikuwa na nyumba ya matofali ya vyumba viwili, bati limeshika kutu, na mfenesi mkubwa uani. Mwanamke mmoja alikuwa akifua nguo chini ya mfenesi huo.

"Huyo ni mpangaji," alisema dalali. "Mkishanunua ataondoka mwisho wa mwezi."

Niliuliza maswali yanayostahili, au ndivyo nilivyodhani. Niliuliza ardhi ni ya nani. Akajibu kwamba ni ardhi ya Kabaka, na kwamba ardhi ya Kabaka haina matatizo. Niliuliza habari za mwenyekiti wa kijiji, yule tumwitaye LC1. Akajibu kwamba nisijisumbue, atamleta yeye mwenyewe. Niliuliza habari za muuzaji. Akajibu kwamba atamleta pia. Kisha akaongeza kwamba kuna mnunuzi mwingine atakayekuja na fedha zake kesho yake, na kwamba yeye amenishikia kwa sababu tu amempenda mama yangu.

Ndugu msomaji, haraka haraka haina baraka, na mithali hiyo niliwahi kuiandika ubaoni kwa mkono wangu. Lakini bei ilikuwa chini kuliko zote tulizozisikia, nami niliogopa kuipoteza. Mama siku hiyo alikuwa na miadi hospitalini. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyesoma," tukaenda naye benki asubuhi, akatoa shilingi milioni 4 za kutanguliza, akanikabidhi, akashika njia ya hospitali.

Tulikutana katika hoteli ndogo ya chai: mimi, dalali, mwanamume mmoja aliyesema ndiye mwenye nyumba, na mzee mwingine mwenye mhuri aliyesema ndiye mwenyekiti. Nilihesabu fedha, wakahesabu, tukatia saini, mhuri ukapigwa. Nilirudi nyumbani nina furaha. Mimi niliyewafundisha watoto kuhakiki majibu yao kabla ya kuikabidhi karatasi, sikuisoma tena ile risiti. Ilitaja jina langu, jina la muuzaji na kiasi cha fedha. Hapakuwa na neno lolote lililosema ni nyumba ipi wala iko wapi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama hakurudi moja kwa moja. Alikwenda peke yake, polepole, na macho yake mabovu, mpaka kwenye ule mfenesi. Alipiga hodi, akaomba maji ya kunywa. Alikaribishwa mkekani, akapewa maji, wakaongea kama waongeavyo wanawake wawili wa makamo: habari za miguu, za watoto, za bei ya ndizi. Mama hakutaja fedha. Aliuliza tu, "Umekaa hapa siku nyingi?"

Yule mwanamke alikuwa amekaa hapo miaka 19. Aliingia hapo na mumewe, na mumewe alikuwa amefariki. Risiti za busuulu alikuwa nazo, amezihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mwanamume tuliyemlipa alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu, asiyekuwa na barua yoyote ya mahakama ya kumpa mamlaka juu ya mirathi. Yule mjane hakujua kwamba nyumba yake inauzwa. Siku tulipokwenda kuitazama, alidhani sisi ni watu wa afya tunaokagua vyoo.

Mama alirudi jua linatua. Alivua viatu, akakaa kitandani, akanyamaza kwa kitambo. Kisha akasema: "Yule si mpangaji. Yule ni mimi."

Nilimpigia dalali simu papo hapo. Sikuwa nimemaliza kueleza aliponikatiza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kwa nini mlikwenda bila mimi?" Wala hakuuliza tumeambiwa nini, wala hakusema kwamba ni uongo. Tangu siku hiyo nimelitafakari sana swali hilo, na naamini ndilo neno pekee la kweli alilopata kunitamkia. Kesho yake simu zote mbili zilikuwa zimezimwa. Nilikwenda polisi, nikaandikisha, nikapewa namba ya shauri. Yule mzee wa mhuri ilibainika kwamba hakuwa mwenyekiti wa kijiji chochote. Shilingi milioni 4 hazijarudi mpaka leo.

Kwa siku mbili mama hakusema nami zaidi ya salamu. Sikumlaumu. Zile hazikuwa fedha zangu; zilikuwa miaka ya baba aliyosimama barabarani kwenye jua na mvua. Siku ya tatu, tukiwa tunamenya ndizi, alisema bila kuniangalia: "Ungelilipa zote, sasa hivi tungekuwa wajane wawili barabarani, mimi na yule." Hayo ndiyo yote aliyosema juu ya jambo hilo, nami sikupata kusikia lawama nyingine.

Kutokana na maji yale ya kunywa, hata hivyo, lilipatikana jema. Mama na yule mjane wakawa wanatembeleana. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa mwenyekiti wa kweli wa mtaa wao, na mwenyekiti huyo, alipokwisha kusikitika pamoja nasi, akatutajia dalali wa pili.

Huyu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, aliyeweka meza yake barazani mwa duka moja katika barabara iendayo Bulange, penye baraza kuu la Buganda. Hakuinama kumwamkia mama kupita kiasi. Hakuwa mcheshi. Baada ya magharibi hakupokea simu ya mtu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniomba kitambulisho, akaandika jina langu katika daftari kubwa, akauliza fedha ni kiasi gani, zimetoka wapi, na nyumba ni ya kukaliwa na nani. Nilikasirika moyoni. Niliona ananipekua kama mwizi, ilhali mwizi alikuwa yule mwenzake. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu imewataja mawakala wa nyumba na ardhi miongoni mwa watu wanaopaswa kuwatambua wateja wao na kutunza kumbukumbu. Yule wa kwanza hakuniuliza chochote ila nitalipa lini.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Alitupa kipande cha karatasi chenye namba ya bloku na ya ploti, jina la mwenyekiti wa mtaa, na maelezo ya nyumba ilipo, kisha akasema: "Nendeni kwanza bila mimi. Nendeni asubuhi, nendeni jioni, nendeni na mvua ikinyesha. Waulizeni majirani. Mkirudi ndipo tutaongea."

Nyumba ya kwanza aliyotupa ilikuwa nzuri, nayo ilikuwa na hati. Nilikwenda katika ofisi ya ardhi, nikaomba upekuzi wa daftari la hati, nikalipa ada, nikasubiri majibu. Siku hizi kumbukumbu hizo zimeingizwa katika kompyuta, na mwananchi yeyote mwenye namba ya bloku na ya ploti aweza kuuliza. Jibu lilikuja kwamba hati ile ina zuio, yaani kuna mtu mwingine aliyedai haki juu yake. Nilimpelekea dalali jibu hilo nikihofu kwamba atanung'unika kwa kupoteza ujira. Aliisoma karatasi mara mbili, akaitia mstari nyumba hiyo katika daftari lake, akasema, "Vema. Muuzaji hakunieleza. Hapa sitamleta mtu tena."

Nyumba ya pili alituambia mwenyewe tusiichukue. Ilikuwa bondeni, upande wa Ndeeba, na alisema mvua kubwa ikinyesha maji hupita sebuleni. "Mwenye nyumba atanikasirikia," alisema, "lakini wewe ndiye utakayepita mbele ya meza yangu kila siku ukienda kazini."

Nyumba ya tatu ilikuwa kibanja juu ya ardhi ya Kabaka: chumba kimoja na sebule, jiko la nje, migomba sita. Hapo ndipo ujuzi wa mzee yule ulipodhihirika. Alinieleza kwamba ninachonunua si ardhi, bali ni haki ya kukaa juu yake, na kwamba bei yake lazima iwe ya kibanja, si ya hati. Alinieleza kwamba, kwa mujibu wa sheria, mwenye kibanja anayetaka kuuza hana budi kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na kwamba marekebisho ya mwaka 2010 yameweka adhabu kali: mauzo yaliyofanywa kwa kuvunja sharti hilo ni batili, na haki yenyewe yaweza kupotea. Wale wanaouziana vibanja usiku usiku kwa kudhani wamekwepa gharama, kumbe wamenunua hewa.

Basi tulikwenda katika Bodi ya Ardhi ya Buganda, ambayo ndiyo inayosimamia ardhi ya Kabaka, kuthibitisha kwamba muuzaji anajulikana, kwamba hadaiwi busuulu, na kwamba mauzo yana ridhaa. Bodi hiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 2017 ile kampeni ya "Kyapa mu Ngalo", maana yake hati mkononi, ya kuwapa wakaaji wa vibanja hati za kukodi kwa muda. Mzee wetu alinionya juu ya hilo pia. Madalali wengine, alisema, huuza kibanja kwa bei ya hati kwa kuahidi kwamba hati iko njiani. "Kilicho njiani hakinunuliwi. Nunua kilichopo."

Mwisho alimtaka muuzaji amlete mkewe. Sheria ya Ardhi hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Yule mke alikuja, akaketi mbele yetu, na dalali akamwuliza kwa sauti, mume akiwa anasikia: "Mama, unajua kwamba nyumba hii inauzwa? Unajua kwa bei gani? Mtakwenda kukaa wapi?" Alijibu maswali yote matatu bila kusita. Mama yangu alikuwa pembeni, ameshika mkongojo wake kwa mikono miwili. Nilimwona akishusha pumzi.

Shughuli yote ilichukua miezi 4. Mpima ardhi alikuja kuonyesha mipaka, majirani wa pande zote wakasimama kwenye mipaka yao, wakatia saini. Mkataba uliandikwa na wakili tuliyemtafuta wenyewe. Fedha hazikupita mkononi mwa dalali hata senti moja. Zilitoka benki kwenda benki. Ujira wake ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo, na aliupokea siku ya mwisho, akatoa risiti iliyotaja kila kitu, mpaka idadi ya migomba.

Sasa, ndugu msomaji, kama nawe unatafuta dalali, naomba nikugawie niliyoyaokota.

Kwanza, usimpime mtu kwa adabu yake wala kwa mavazi yake. Adabu ni njema, lakini mwizi naye hulelewa na mama. Mpime kwa namna anavyopokea maswali. Dalali mwaminifu hasimami kati yako na ukweli. Yeye hukuonyesha njia ya kuufikia, kisha husogea kando. Akikuambia, "Nitakuletea mwenyekiti," mwambie kwamba utamfuata mwenyewe ofisini kwake. Akikukataza kwenda bila yeye, umekwisha kupata jibu lako, rudi nyumbani.

Pili, mwulize unachonunua ni nini hasa: ni hati, ni kibanja, au ni ardhi ya kukodi? Asiyeweza kukujibu kwa maneno mepesi, huyo hajui kazi yake. Kutojua kwake kutakugharimu sawasawa na uongo wa mwingine.

Tatu, waulize watu waliowahi kununua au kupanga kupitia kwake. Dalali mwenye meza pahali pamoja kwa miaka mingi ana jambo la kupoteza, yaani jina lake. Wapo pia mawakala waliojiunga katika vyama vyao na wenye ofisi zinazojulikana. Anayefanyia kazi ndani ya simu peke yake aweza kutoweka kwa kubonyeza kitufe.

Nne, fedha zisitangulie ukweli. Usilipe cha kutanguliza kwa kuambiwa kwamba yuko mnunuzi mwingine. Kama yuko, mwache anunue, nyumba hazijaisha. Na ukilipa, lipa mbele ya wakili wako mwenyewe, kwa njia ya benki, na risiti itaje kitu chenyewe na pahali kilipo.

Tano, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, ongea na mtu unayemkuta ndani ya nyumba hiyo. Usitosheke kuambiwa kwamba ni mpangaji. Sisi wanunuzi hujiona ndio tunaoweza kudhulumiwa peke yetu, kumbe fedha zetu zaweza kuwa ndizo panga la kumkatia mwenzetu. Mimi nilidhulumiwa milioni 4. Lakini nilikuwa karibu mno na kuwa dhalimu, tena na risiti mkononi.

Mama sasa anao mlango wake. Ni wa bati, ameupaka rangi ya kijani, na hospitali si mbali, huenda kwa miguu akishika mkono wa mjukuu. Yule mjane wa chini ya mfenesi angali nyumbani kwake, nao hutembeleana Jumapili. Karibu na mlango mama ameweka mtungi wa maji na kikombe. Majirani hudhani ni desturi ya kwao ya tangu zamani, naye huwaacha wadhani hivyo.

Kuuliza si ujinga. Cheti changu cha ualimu nilikipata baada ya miaka miwili chuoni, lakini somo hili nilifundishwa Jumapili moja na mwanamke asiyeweza kusoma risiti, aliyekwenda kwa miguu kuomba maji ya kunywa.